Hawakuiti kwa Kosa

Barua ilikuja kwenye begi la mwanawe, imekunjwa mara nne. Jirani yangu alinigongea mlango akiwa ameishika kwa ncha za vidole. Yeye ni mama wa Uvira, Kongo, aliyefika hapa Maryland baada ya miaka mingi ya kuishi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na Kiingereza chake ni cha dukani na cha kazini. Katika karatasi nzima alikuwa ametambua vitu vitatu tu: jina la shule, jina la kijana wake, na saa ya kufika.

"Dada," akaniambia kabla hata ya kuketi, "mutoto alifanya nini?"

Nikamwambia hajafanya kitu. Hakuniamini. Nikaisoma barua yote, mstari kwa mstari, nikimgeuzia kwa Kiswahili, na bado akauliza: kama hajafanya kitu, sababu gani banamuita mama yake usiku?

Nimeandika makala hii kwa ajili ya swali lake, kwa sababu nimelisikia kwa Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo ninaokutana nao hapa, kila mmoja kwa namna yake. Kila mwaka shule za Marekani zinapofunguliwa, mwezi Agosti au mapema Septemba kutegemea jimbo, wazazi huitwa jioni moja, wanayoiita Back to School Night, na barua ya jirani yangu ilikuwa ya mwaliko huo. Unapewa ratiba ya mtoto wako na unaifuata kama vile wewe ndiye yeye. Kengele inalia, unaingia darasa la kipindi cha kwanza, mwalimu anazungumza dakika kumi, kengele inalia tena, unakimbilia kipindi cha pili, mpaka vyote viishe. Kwa shule ya msingi watu wengi huenda, kwa sababu mtoto ni mdogo na anamvuta mama mkono akaone picha aliyochora. Mtoto akifika sekondari, darasa la tisa mpaka la kumi na mbili, wazazi wanapungua, na wetu hupungua zaidi. Najua, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao.

Kwetu mzazi kuitwa shule ni neno zito. Nilisoma bweni mkoani Kilimanjaro na nyumbani kwetu ni Tanga. Baba yangu alikuwa fundi seremala, na kwa miaka minne alifika shuleni kwangu mara mbili. Mara ya kwanza alinileta kidato cha kwanza, na tranka, ndoo na godoro. Mara ya pili aliletwa na barua. Tulikuwa wasichana wanne tumekamatwa nje ya uzio tunanunua mihogo ya kukaanga, na barua ikasema mzazi afike. Akapanda basi alfajiri, akapita Korogwe, akapita Same, akaingia ofisini kwa mkuu wa shule na kofia yake mkononi. Alisikiliza. Akasema, "Nimesikia, mwalimu, naomba radhi." Akasaini karatasi aliyopewa.

Nilimwona akitoka kuelekea getini. Alipita kando ya darasa letu, hatua chache tu kutoka dirishani, na hakugeuza kichwa. Kwa muda mrefu nilidhani ni hasira. Baadaye sana nikaelewa kwamba hakugeuka kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa ana ruhusa ya kuangalia ndani. Kazi yake pale ilikuwa kupokea makosa yangu na kwenda zake. Mpaka anafariki hakuwahi kujua nilikuwa nakaa dawati la ngapi.

Vikao vya wazazi vilikuwepo, sikatai. Ila kila aliyewahi kukaa katika kikao cha wazazi Tanzania anaijua ajenda inayokuja baada ya salamu: mchango wa chakula, mchango wa madawati, mchango wa mlinzi. Hata baada ya serikali kuondoa ada za shule za umma hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, mzazi wa kawaida bado husikia neno kikao na mkono wake unagusa mfuko. Mwenzangu Mkenya ninayefanya naye kazi ana kumbukumbu tamu zaidi, za siku ya kutembelewa, mama yake akifika na kuku na chapati ndani ya hotpoti, wanakula chini ya mti. Nikamuuliza kama mama yake aliwahi kuingia darasani. Akafikiri. Hapana, hakuwahi.

Kwa hiyo tunapofika nchi hii tunakuja na maana mbili za kuitwa shule: kosa au pesa. Barua inapofika, anayejiamini anaiweka pembeni na kusema mwanangu hana kosa, na asiyejiamini hulala na wasiwasi. Wote wawili hawaendi.

Mwanangu wa kwanza alipoingia darasa la tisa, mimi nilikuwa yule anayejiamini. Barua niliiona. Nilikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, na jioni ndiyo ilikuwa saa yangu ya kulala kidogo. Nikajiambia kijana ana miaka kumi na minne, anajua kusoma, na mimi nimemlea ajue kwa nini tuko hapa. Tena nilikuwa na hoja nyingine ambayo sikuwahi kuitamka, lakini ndiyo iliyoniongoza: kwamba shule ni mtihani wa mwisho. Sisi tuliofanya mtihani wa kidato cha nne tuna imani hiyo ndani ya mifupa. Unaweza kuyumba kidato cha kwanza, ukayumba cha pili, lakini ukikaza cha nne, ukajifungia na vitabu, divisheni yako itasimama na hakuna atakayekuuliza habari za zamani. Nilimwona mwanangu ana akili. Nikamsubiri akaze.

Hapa hakuna siku hiyo ya kukaza. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyeniambia, na ndilo ambalo wangeniambia ile jioni niliyolala. Sekondari ya Marekani inahesabu kuanzia wiki ya kwanza ya darasa la tisa. Kila somo lina krediti, yaani pointi za kuhitimia, na Maryland mwanafunzi anahitaji angalau 21 ili ahitimu, pamoja na saa 75 za kujitolea katika jamii. Kila alama ya mwisho wa somo inaingia kwenye transkripti, yaani rekodi ya alama zake zote, na kwenye wastani wanaouita GPA: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Darasa la tisa lina uzito uleule wa darasa la kumi na moja. Chuo kikuu kitakapofungua faili, kitaona yote.

Na ndani ya kila somo kuna hesabu nyingine, ya mwalimu mwenyewe. Mwanangu alikuwa na somo ambalo majaribio yalichukua asilimia 70 na kazi za nyumbani 30. Majaribio alikuwa anapata 88, nami nikiona karatasi ya 88 nafurahi. Kazi za nyumbani hakuwa anazikusanya. Alikuwa anaona hazina maana kwa kuwa somo analielewa. Kila kazi isiyokusanywa iliandikwa sifuri, na wastani wake wa kazi hizo ukawa 30. Chukua kalamu: asilimia 70 ya 88 ni 61.6, asilimia 30 ya 30 ni 9, jumla 70.6. Hiyo ni C, na kaponea chupuchupu. Angezikusanya akapata 90 tu, angemaliza na 88.6, ukingoni kabisa mwa A. Akili ni ileile. Alama 18 zilipotea kwenye kazi za dakika ishirini ishirini, na mimi nilikuwa nyumbani, na kila jioni nilimuuliza, "Shule imekuwaje?" naye alinijibu, "Poa, mama."

Nilikuja kuyajua yote haya akiwa darasa la kumi na moja, mbele ya mshauri wa wanafunzi aliyenigeuzia kompyuta nione. Wastani ulikuwa 2.4. Mshauri hakuwa mtu mbaya. Chama cha washauri wa shule nchini hapa kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi zina wanafunzi wengi zaidi kwa kila mmoja, kwa hiyo hata mwenye moyo mzuri humfikia mtoto wako pale moto unapokuwa umeshawaka. Nilitazama zile D mbili za darasa la tisa. Nikauliza kama zinaweza kufanyiwa mtihani upya. Akanieleza kwa upole.

Mwanangu yuko salama. Alianzia chuo cha miaka miwili cha kaunti, akahamia chuo kikuu, na anajitegemea. Lakini ile siku katika ofisi ya mshauri niliondoka na deni, na deni lenyewe lilikuwa kwa mdogo wake.

Basi binti yangu alipoanza darasa la tisa, nilibadilishana zamu wiki tatu kabla. Yeye hakutaka. "Mama, hakuna mzazi anayekuja sekondari," akasema, na akaniomba kama ni lazima, nisiulize swali. Nikamwahidi. Asubuhi ya siku yenyewe nilikuta ratiba yake juu ya meza ya jikoni. Kando ya kila kipindi alikuwa ameandika kwa penseli: panda ngazi za upande wa maktaba, usipite za katikati zinajaa, mlango haufunguki kwa kuvuta, sukuma, huyu anaanza kwa wakati, wahi. Kijana anayekuambia usije, halafu anakuchorea njia. Niliisoma ile karatasi mara nyingi kwenye basi.

Tulianzia ukumbi wa michezo saa kumi na mbili na nusu jioni. Mkuu wa shule akazungumza kidogo, kengele ikalia, na watu wazima mia kadhaa tukatoka kwenye korido kwa pamoja. Nilikuwa nimevaa viatu vya kazini, na nilimshukuru Mungu. Dakika tano za kutoka chumba kimoja hadi kingine ni chache mno. Kipindi cha tatu hadi cha nne ilinibidi nishuke ghorofa mbili, nizunguke bwalo, nipande tena upande wa pili, na nilifika nahema. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini binti yangu alikuwa akirudi nyumbani hajanywa maji chupa nzima. Nilikuwa nimemgombeza kwa hilo. Hana muda wa kwenda msalani, kwa hiyo hanywi. Katika siku zote za kumuuliza shule imekuwaje, hakuna sentensi ambayo ingeweza kunieleza hivyo.

Mwalimu wa hisabati alikuwa na sauti ndogo na ubao uliopangwa vizuri sana. Akatuonyesha hesabu yake: majaribio asilimia ngapi, mazoezi ngapi. Kisha akasema jambo moja nililoliandika na kulipigia mstari: mwanafunzi akifanya vibaya jaribio ana wiki mbili za kulirudia, mradi aje kwanza saa ya chakula cha mchana afanye masahihisho. Nikageuka kuwatazama wazazi wengine. Wengine walikuwa wanatikisa kichwa kama watu wanaolijua hilo siku nyingi. Mimi nilikuwa namfikiria mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na majaribio ya kurudia na hakuyarudia, na mama asiyejua kama kuna kurudia.

Mwalimu wa historia alizungumza haraka na kwa furaha, nikapenda. Mwalimu wa michezo hakuwa na la kusema zaidi ya viatu. Wa Kiingereza alikuwa amechoka, na sikumlaumu. Mwalimu wa sanaa alitugawia vikaratasi akatuambia kila mzazi akae kwenye kiti cha mtoto wake na amwandikie neno atakalolikuta kesho. Nikauliza kiti cha binti yangu, na hilo ndilo lilikuwa swali langu pekee. Kiti kilikuwa cha pembeni, kando ya dirisha. Ukikaa pale unaona uwanja, na nyuma ya uwanja kuna miti. Nilikaa. Nikaandika kwa Kiswahili, mistari miwili. Nilichoandika ni chake. Kesho yake jioni hakutaja kitu, lakini kile kikaratasi nimekiona kimebanwa nyuma ya kava la simu yake.

Koridoni palikuwa na meza ya chama cha wazazi na walimu, na nyuma yake bibi mmoja Mmarekani Mweusi, ana wajukuu wawili pale. Aliniona nimesimama nasita na ratiba yangu, akanisogezea kiti, akanipa maji. Tukazungumza kipindi kizima, na kipindi hicho mtoto wangu hakuwa na somo. Chama kile kilianzishwa Washington mwaka 1897. Majimbo ya kusini, ambako shule zilitenganishwa kwa rangi, wazazi Weusi iliwabidi wawe na chama chao cha taifa, kilichoundwa mwaka 1926 kwa uongozi wa Selena Sloan Butler wa Atlanta, na vyama viwili viliungana mwaka 1970 tu. Mama yake huyu bibi alikuwa katika kile cha wazazi Weusi. "Keti," aliniambia. Nimelikumbuka neno hilo kila mara ninaposita kwenye mlango wa shule.

Sasa nije kwa wanaosema si lazima, maana wana hoja. Wapo wazazi wema ninaowaheshimu wanaosema mtoto wa sekondari aachwe akue, kwamba mzazi anayejaa jaa shuleni humnyima mtoto nafasi ya kujisimamia, na kwamba kila kitu siku hizi kipo kwenye tovuti ya shule, alama na kazi na yote. Hili la tovuti ni kweli nusu. Alama utaziona. Lakini tovuti inakuonyesha sifuri bila kukuambia kama sifuri hiyo inaweza kufutwa, na kwa nani, na saa ngapi. Na wengi wetu hatujawahi kufungua akaunti hizo, tumewaachia watoto nywila.

Kuhusu kumwachia akue, nilijifunza jambo kutoka kwa watafiti. Mwaka 2009 Nancy Hill na Diana Tyson waliunganisha matokeo ya tafiti 50 kuhusu ushiriki wa wazazi, kwa wanafunzi wa shule za kati, wale wanaokaribia sekondari. Mzazi kufika shuleni kulionekana kusaidia, ila kwa kiasi. Mzazi kusimamia au kusaidia kazi za nyumbani hakukuonyesha faida. Kilichokwenda pamoja na matokeo mazuri kuliko vyote ni mazungumzo: mzazi kumweleza mtoto anamtarajia nini, elimu ina maana gani nyumbani kwao, na masomo ya leo yanaunganika vipi na anachotaka kuwa kesho. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilisikia kama naambiwa nisiende. Nilipoyafikiria zaidi nikaona ni kinyume chake. Mazungumzo yanahitaji kitu cha kuzungumza. "Shule imekuwaje?" na "Poa" si mazungumzo, na kwa miaka minne ndiyo tuliyokuwa nayo mimi na mwanangu, tukipendana. Baada ya ile jioni nilikuwa namuuliza binti yangu: yule wa hisabati amewapa jaribio? Uliwahi kipindi cha nne? Siku hizi mti nyuma ya uwanja umeanza kugeuka rangi? Na yeye ananijibu kwa sentensi nzima, kwa sababu anajua ninaona anachokiona.

Kwa hiyo siendi kumsimamia. Simuulizi mwalimu maendeleo yake usiku ule, na wala hawataki uulize, zipo siku nyingine za mazungumzo ya mzazi mmoja mmoja. Naenda nikaione njia anayoipita kila siku, mara moja, kwa miguu yangu. Mtoto wa miaka kumi na mitano ana dunia nzima huko ambayo hawezi kuibeba kuileta nyumbani, hata akitaka. Na muda wenyewe ni mfupi. Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 mzazi ana haki ya kuona rekodi za shule za mtoto wake, na haki hiyo inahamia kwa mtoto mwenyewe anapotimiza miaka 18. Ukiwa na wa darasa la tisa, una miaka minne, mitatu na nusu pengine.

Hoja ya kazi ndiyo nzito, na sitaipita juu juu. Wengi wetu tunalipwa kwa saa. Jioni moja bila kazi ni mafuta ya gari ya wiki, na kuna mabosi wasiotaka kusikia neno shule. Jueni kwamba ukifanya kazi ndani ya Washington D.C., sheria ya huko inampa mzazi hadi saa 24 kwa mwaka za kuhudhuria shughuli za shule za mtoto, bila malipo lakini bila kupoteza kazi, ukiomba mapema. California ni hadi saa 40 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi. Ulizeni jimbo lenu lina nini. Na kama haiwezekani kabisa, basi haiwezekani, na simwiti mtu huyo mzazi mzembe, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekuwa kwenye zamu hiyo. Mwombe mtoto akupitishe kwenye ratiba yake jioni moja mezani, kipindi kwa kipindi, chumba kwa chumba, na kila somo muulize maswali mawili tu: kazi za nyumbani zina asilimia ngapi, na jaribio lina kurudiwa? Asipojua, mwandikieni mwalimu barua pepe pamoja. Au mtume shangazi, mtume kaka mkubwa. Mwaka mmoja nilipokosa mtu wa kubadilishana naye zamu, mwanangu wa kwanza ndiye aliyekwenda kwa ajili ya mdogo wake. Alirudi kimya. Akasema, "Mama, wanaeleza kila kitu."

Lugha isimzuie mtu. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 isimbague mtu kwa asili yake ya taifa, na kaunti nyingi zina wakalimani au huduma ya ukalimani kwa simu, na Kiswahili kimo katika lugha za huduma hizo. Piga simu shuleni wiki moja kabla, au mtu akupigie, mseme mnahitaji mkalimani wa Kiswahili. Msimfanye mtoto ndiye mkalimani wa mambo yake mwenyewe. Anaona aibu, na mengine atayaruka.

Jirani yangu hakuwa na wiki moja. Barua ilikuwa imekaa kwenye begi, na jioni yenyewe ilikuwa kesho yake. Nikamwambia twende, shule ni moja, mimi nitakuwa mdomo wako. Binti yangu sasa yuko darasa la kumi na moja, ninayajua majengo, na walimu wangu wawili niliwaacha niende naye kwa wake.

Alivaa kitenge chake kizuri na akakaa nyuma kabisa ya ukumbi. Kipindi cha kwanza alisimama mlangoni mpaka nilipomshika mkono. Cha pili aliingia mwenyewe. Darasa la baiolojia lilikuwa na tangi la kioo dirishani, na ndani yake samaki mmoja mkubwa wa rangi ya machungwa. Mwalimu, kijana mwenye ndevu, akaomba kila mzazi atafute meza ya mwanawe, majina yalikuwa yamebandikwa. Jirani yangu akatafuta, akalipata jina, akalifuata kwa kidole herufi kwa herufi, akaketi.

Mwalimu alieleza maabara, miwani ya usalama, daftari. Kisha akamgeukia, akaonyesha ile meza, akasema mwanafunzi wa meza hiyo hufika kabla ya wote kwa sababu basi lake linawahi, na ndiye anayelisha samaki kila asubuhi. Hajawahi kuambiwa afanye hivyo, siku moja tu mwalimu alimkuta anafanya. Nikamgeuzia kwa Kiswahili, neno kwa neno. Yeye hakusema kitu. Alimtazama samaki mpaka kengele ikalia.

Tulirudi saa mbili na nusu usiku. Njiani aliikunjua ile ratiba na kuikunja tena, mara kadhaa. Nilidhani amechoka. Tulipokata kona ya mtaa wetu akasema, kwa sauti ya chini, "Ni mutoto yangu analishaka ule samaki."

"Ndiye," nikamwambia.

"Kila asubuhi. Na hajaniambia hata siku moja."

Taa ya sebuleni kwao ilikuwa inawaka. Alishuka kabla sijazima gari.